Namna ya Kuzeeka Karibu na Ngoma ya Mzee

Vifaa na muda

Andaa vitu hivi kabla hujatoka nyumbani. Goti moja linalolalamika ukipanda ngazi. Kama huna, subiri, litakuja. Nauli ya mtumbwi, kwenda na kurudi. Kilo moja ya sukari na mche wa sabuni, kwa sababu kwa mzee hatuendi mikono mitupu. Mzee mmoja wa sanaa aliyekuzidi miaka 20 au zaidi, awe hai ikiwezekana, na awe bado anafanya kazi yake, hata kama anaifanya kidogo. Mwisho, asubuhi moja ambayo hukumwahidi mtu mwingine. Maandalizi huchukua miaka kama 30. Somo lenyewe huchukua dakika 4.

Naandika haya nikiwa Kisangani, mji ambao wenyewe tunauita Boyoma, nikiwa na umri wa miaka 53. Nilianza kucheza ngoma na tamthilia nikiwa sekondari, na sasa kila Jumamosi nafundisha watoto wa mtaa wetu katika komini ya Tshopo, uani kwa jirani, chini ya mwembe. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye mwili wake umeanza kumnyima vitu ulivyokuwa ukimpa bure, na usiku anajiuliza kazi yake ya sanaa itaendelea kwa nguvu gani. Nimeufuata mwenyewe, nao umenifaa kuliko dawa yoyote ya kuchua.

Vuka mto

Usimwite mzee aje kwako. Mfuate. Mzee wangu anakaa Lubunga, ng'ambo ya kushoto, na mto Kongo hapa kwetu hauna daraja. Lazima ushuke bandarini, ungoje mtumbwi ujae watu, mihogo, mbuzi na baiskeli, ndipo uvuke. Ngoja kwa moyo mweupe. Kungoja huko kunakupoza, na ukifika kwake utaketi kama mgeni, si kama mkaguzi wa kodi.

Ng'ambo utapita karibu na stesheni ya reli, ile waliyoijenga Wabelgiji ili kuyazunguka maporomoko ya Boyoma, ikafunguliwa mwaka 1906. Ina kilomita 125 hadi Ubundu. Ikumbuke reli hiyo, tutairudia.

Mzee wangu ni Mlokele, mtu wa mto, na kazi yake ni lokole: gogo zito la mti mwekundu lililochokolewa ndani lote kupitia ufa mwembamba uliokatwa juu. Mdomo mmoja wa ufa hutoa sauti nene, wa pili hutoa sauti nyembamba, nao huitwa mume na mke. Kilokele ni lugha ya kupanda na kushuka kwa sauti, na lokole huigiza kupanda na kushuka huko. Lakini maneno mengi hupanda na kushuka sawasawa, kwa hiyo mpigaji hasemi neno likiwa peke yake, msikilizaji asije akapotea. Hulivisha maneno mengine. Mtu akiitwa kwa lokole haitwi kwa jina moja: hupigwa jina lake la sifa, kisha la baba yake, kisha hutajwa kijiji alikotoka mama yake. Ndipo mtu aliye maili kadhaa mtoni ajue kwamba ni yeye na si mwingine. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Yakusu mwaka 1938, chini kidogo ya mji wetu, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kikatoka mwaka 1949, na tayari wakati ule alikuwa akiona vijana wanaiacha lokole.

Kosa utakalolifanya kwanza

Litakuwa hili hapa, na afadhali ulijue mapema, ingawa nina hakika utalifanya tu.

Nilikwenda kwa mzee mara ya kwanza mwaka 2003, nikiwa na miaka 31. Nilibeba redio ya kaseti, kwa kuwa nilitaka mlio wa lokole katika tamthilia tuliyokuwa tukiitayarisha. Akapiga. Nikasikia anakata. Pale nilipotegemea mapigo mengi, alipiga machache, akanyamaza, akaendelea mbele. Na sauti yake nyembamba ilikuwa na mkwaruzo kama wa kikombe kilichopasuka. Nikazima redio, nikamwambia, "Papa, piga kama zamani."

Akaniuliza, "Zamani ya nani, mwanangu?"

Nikamweleza tena kwamba nataka ile kamili, ile ya enzi zake, ile ambayo watu wa Yakusu na Yangambi walikuwa wakimsifu kwayo. Akaziweka fimbo zake chini, zile zilizovikwa mpira kwenye ncha, akamwita mkewe alete lituma. Tukala ndizi zile za kupondwa na samaki wa mto, tukazungumza habari za bei ya mafuta ya taa, nikarudi mjini na kaseti yenye dakika mbili za ngoma na kelele za kuku.

Sikujua basi habari ya ule mkwaruzo. Mwezi Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipopigana ndani ya mji huu siku sita, kuanzia tarehe 5 hadi 10, mzee alikuwa bado anakaa upande wetu, karibu na daraja la Tshopo. Kipande cha chuma kiliingia kwenye mdomo wa kike wa ngoma yake. Hakuitupa. Alilisogeza pigo lake upana wa vidole vitatu kushoto, akatafuta siku nyingi mahali ambapo sauti bado inaishi, akapapata. Mimi niliyeomba "kama zamani" nilikuwa namwomba arudi kwenye ngoma ambayo haikuwapo tena, kwa mkono ambao haukuwapo tena.

Kosa la kijana ni kwenda kwa mzee kutafuta ujana wa mzee. Tunataka ile video ya mwaka fulani, ile sauti ya juu, ile hatua ya kuruka. Mzee aliyeketi mbele yetu tunamwona kama masalia ya mtu tuliyemkusudia. Na yeye analijua hilo. Analiona usoni petu kabla hatujafungua kinywa.

Dakika nne

Nilirudi mara nyingi miaka iliyofuata, nyingine kwa ajili ya kazi, nyingine kwa ajili ya lituma. Lakini siku ninayoihesabu kuwa siku ya somo ilikuja mwaka jana, katika msimu wa mvua, baada ya goti langu la kushoto kunikatalia kabisa kuzunguka.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kifundo cha mkono wake wa kulia kimevimba. Pembeni, mama mmoja mzee, jirani yake, alikuwa akipanga makala, yaani mkaa, mafungu mafungu ya kuuza. Mimi nilikaa juu ya bidoni, dumu la plastiki. Mzee akaanza, kama wapigaji wanavyoanza, kwa kujitaja mwenyewe. Akapiga jina lake la sifa, lote, polepole. Kisha pale ambapo jina la baba yake lilipaswa kufuata, akainua fimbo ya kulia ikabaki hewani. Hakuipeleka popote. Mkono wa kushoto nao ulitulia juu ya paja. Niliweza kuona ncha ya mpira ikitetemeka kidogo. Na ndani ya kimya kile, yule mama, bila kuinua kichwa kutoka kwenye makala yake, akalitaja lile jina la baba kwa mdomo, kwa mpando na mshuko wake kamili, kama mtu anayeitikia salamu. Fimbo ikashuka. Mzee akapiga kijiji cha mama yake, akamaliza.

Akarudia mara kadhaa. Kila alipoacha, mama alijaza. Nilitazama saa ya simu yangu baadaye: dakika 4.

Kwa miaka 20 na zaidi nilidhani anakata kwa sababu mkono umechoka. Na ni kweli, mkono umechoka, yeye mwenyewe aliniambia hivyo siku ile, hakuona aibu. Lakini hakukata popote tu. Alikuwa amechagua. Katika jina zima alitafuta sehemu ambayo watu wake wanaijua kwa moyo, akaiacha hiyo, akabakiza nguvu zake kwa zile zisizojulikana. Kile nilichokiita pengo kilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa anauza makala.

Basi hii ndiyo kanuni ya mwongozo wangu, na kama huna muda wa kusoma zaidi, chukua hii uende: usimtazame mzee pale anapoweza. Mtazame pale anapoacha. Tazama anaacha nini, anaacha wapi, na anamwachia nani.

Mfano wa mtu wa njia ya reli

Sasa turudi kwenye ile reli. Mwisho wake, Ubundu, ndiko alikozaliwa Faustin Linyekula, mchezaji na mtunzi wa ngoma, mwaka 1974. Alisoma hapa Kisangani, mwaka 1993 akaenda Nairobi, na mwaka 1997 akaanzisha huko kundi la ngoma la Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Mwaka 2001 alirudi Kongo akaanzisha Studios Kabako huko Kinshasa, na mwaka 2006 akaileta kazi yake Kisangani. Wasanii wetu wengi huiacha Kisangani kwenda Kinshasa, na Kinshasa kwenda Ulaya. Yeye aliifuata njia hiyo kwa kurudi nyuma, nami namheshimu kwa hilo hata kabla hajainua mguu. Mwaka 2007 alipewa tuzo kuu ya Mfuko wa Prince Claus wa Uholanzi, akiwa mkaazi wa mji ambao umeme wake hukatika bila kuaga.

Mwaka 2019, akiwa na miaka 45, ukumbi wa NTGent wa Ubelgiji ulimwomba atunge sehemu ya pili ya mfululizo wa michezo kuhusu historia ya tamthilia, mfululizo ambao Milo Rau aliuanza mwaka 2018. Mtu mwingine angeanzia kwa Wagiriki. Linyekula alianzia kwenye mwaka wake mwenyewe wa kuzaliwa, kwa sababu mwaka huo huo wa 1974 Mobutu, rais wetu wa wakati ule, aliunda Ballet ya Taifa ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa enzi hizo, na moja ya michezo yake ya kwanza ilikuwa masimulizi ya Lianja, shujaa wa Wamongo aliyewaongoza watu wake pamoja na dada yake Nsongo. Akawatafuta watu waliokuwa wamecheza katika ballet ile: Wawina Lifeteke, Marie-Jeanne Ndjoku Masula na Ikondongo Mukoko. Hakuwahoji halafu akawapa vijana wacheze nafasi zao. Aliwapandisha wenyewe jukwaani, kwa miili yao ya leo, na mchezo ukaonyeshwa katika tamasha la Avignon, Ufaransa, mwezi Julai wa mwaka ule.

Nakuomba ulitafakari jambo hilo kwa utulivu. Mtu anafika umri ambao wachezaji wengi wanaachia jukwaa, anajiuliza atakwenda wapi, na jibu lake ni kwenda kukaa karibu na watu waliokwisha kuupita umri huo na bado wanajua pa kuweka mguu. Ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote alizofanya, hata kuliko zile za ujana wake zilizojaa jasho.

Na kuna somo la pili ndani yake, gumu zaidi. Ballet ile haikuwa ua lililoota porini. Ilipandwa na serikali ya chama kimoja, ili makabila yote yaonekane yanacheza ngoma moja, na shujaa anayewaongoza watu wake afanane na yule aliyekuwa kwenye picha ukutani. Wazee wetu wengi wa sanaa walijifunzia ufundi wao huko. Mimi mwenyewe nilicheza animasyo shuleni katika miaka ya 1980, asubuhi, kabla ya masomo, tukimsifu Mobutu kwa viuno na makofi. Makofi yale bado ninayo mikononi. Nikifundisha watoto mdundo wa haraka, hutokea yenyewe, na siku moja nilishtuka nilipotambua nimeutoa wapi.

Kwa hiyo usimsafishe mzee wako. Usiseme alicheza tu, siasa hakuzijua. Alizijua. Alikuwa na njaa, alikuwa na kipaji, alipewa sare na ndege ya kwenda ng'ambo, akacheza vizuri kupita kiasi. Pokea ufundi pamoja na doa lake, ukalitazame doa hilo mchana kweupe, kwa sababu na wewe ukifikisha miaka 70 kuna mtoto atakayekuuliza ulikuwa unamchezea nani.

Sikiliza mara mbili

Zoezi hili lafanyika nyumbani, usiku, mtaa ukitulia. Chukua wimbo wa Marie-Louise wa Wendo Kolosoy. Ulirekodiwa mwaka 1948, Wendo akiwa kijana wa miaka 23, na gitaa la Henri Bowane pembeni yake. Wendo alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli za mto, huu huu unaopita mbele yetu, na mji huu, wakati ule Stanleyville, unamhusu kwa namna chungu: watu walivumisha kwamba wimbo wake ukipigwa usiku wa manane unaamsha wafu, mapadre wakakasirika, naye inasimuliwa kwamba alikimbia kutoka Kinshasa na akafungwa hapa kwa muda mfupi. Baadaye alinyamaza miaka mingi sana. Kisha katika miaka ya 1990, akiwa mtu mzima wa miaka sabini na zaidi, akarudi studio, akauimba tena wimbo ule ule.

Sikiliza ule wa kwanza. Kisha nyamaza, unywe maji, usikilize wa pili. Sauti ya kijana inapanda na kupasukia juu kooni kama mtoto anayejirusha mtoni kutoka kwenye meli. Sauti ya mzee ni nzito, ina mchanga. Pale juu anapagusa tu. Anapagusa kama unavyogusa mlango wa nyumba uliyozaliwa, kuhakikisha bado upo. Mimi naupenda ule wa pili, na nitagombana na yeyote kuhusu hilo. Wendo alifariki tarehe 28 Julai 2008 akiwa na miaka 83, na mtu aliyemsikia ujanani tu alimsikia nusu.

Kama uko upande wa Zanzibar, zoezi hili lifanye na Bi Kidude, aliyeendelea kuziimba nyimbo za Siti binti Saad kwa zaidi ya miaka 60 baada ya Siti kufariki mwaka 1950, mpaka sauti yenyewe ikawa kama ganda la mti. Vitu vile vile utavisikia.

Kama mzee wako amekwisha kufa, na hata jina hakuacha

Hapa pia Linyekula ana njia ya kuonyesha. Mwaka 2017 alialikwa kufanya kazi katika jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York. Ndani ya ghala lao alikuta sanamu ya Walengola. Walengola ni watu wa misitu hii ya kwetu, na ndio watu wa mama yake. Sanamu ilikuwa imekaa ghalani bila kuonyeshwa. Aliyeichonga hana jina katika kumbukumbu zao, kama ilivyo kwa wachongaji wetu karibu wote waliobebwa enzi za ukoloni: vitu viliandikishwa kwa jina la kabila na la mnunuzi, mikono iliyovichonga ikaachwa nje ya daftari.

Angeweza kucheza mbele ya sanamu ile, watu wakapiga makofi, akarudi. Badala yake, kwanza alisafiri na ndugu zake hadi Banataba, kijiji cha upande wa mama yake, na mchezo aliouonyesha New York mwezi Septemba ukabeba jina la kijiji hicho.

Fanya hivyo hivyo kwa kadiri yako. Huna haja ya New York. Ndani ya nyumba yako kuna kitu kilichotengenezwa na mkono wa mzee usiyemjua: kinu, kiti cha kukunja, mkeka, kasia. Kichukue, kigeuze, tazama chini, mahali ambapo mchongaji alijua hakuna atakayetazama. Nina kinu cha bibi yangu. Kwa nje kimelainishwa mpaka kinateleza mkononi. Chini, alama za shoka bado zipo, fupi fupi, zote zikielekea upande mmoja, ila tatu tu zilizogeuka. Alikuwa amechoka? Alihamia mkono wa pili? Nimezitazama alama hizo tatu miaka mingi, na katika mchezo wangu wa mwisho kuna mahali ninapogeuka mara tatu bila sababu ambayo watazamaji wangeweza kuitaja.

Maonyo machache

Mlipe. Mzee akikupigia, akikuonyesha, akikusahihisha, hiyo ni kazi, na sukari na sabuni ni adabu tu, hazihesabiki kuwa malipo. Usimlipe bia. Nimeona wazee wetu wengi wa muziki wakilipwa bia mpaka ini likasema basi.

Usimwulize habari za zamani tu. Mwulize anafanya nini wiki hii. Macho yake yatabadilika.

Na msifu kabla ya matanga. Hili nalisema kwa hasira kidogo. Nimehudhuria matanga ya mpiga gitaa mmoja wa mji huu ambapo hotuba ziliendelea mpaka alfajiri, kikwembe kipya kimetandikwa, waheshimiwa wamekaa mbele, kila mmoja akisema marehemu alikuwa maktaba. Miezi mitatu kabla ya hapo nilimkuta mtu huyo huyo akitafuta nyuzi za gitaa za kukopa. Nyuzi sita. Hakupata mtu. Mimi nilimpa ahadi, nikachelewa.

Hatua ya mwisho: ukigundua kwamba mzee ni wewe

Hutajulishwa. Mimi nililigundua Jumamosi moja chini ya mwembe. Katika ngoma ninayowafundisha watoto kuna mzunguko wa mguu wa kushoto. Tangu goti liharibike nauacha: nafika pale, nasimama kidogo, mikono inaendelea, kisha naingia hatua inayofuata. Siku ile niliwaambia wacheze peke yao, mimi nikakaa kutazama. Walipofika pale, mstari mzima ukasimama. Watoto kumi na mmoja wenye magoti ya kuruka ukuta, wote wamesimama, mikono inaendelea, wanangoja kwa heshima kimya kiishe.

Kwanza nilifurahi mpaka nikainama kuficha uso. Kisha nikaogopa. Yule mama wa makala alijaza kwa sababu jina alikuwa nalo. Watoto hawa nilikuwa nimewapa tundu bila kitu kilichokuwa ndani yake. Kama wakikua hivyo, siku moja watawafundisha wengine kusimama pale, na hakuna atakayejua tunamsubiri nani.

Kwa hiyo fanya nilivyofanya. Nilimtafuta kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anaendesha pikipiki ya abiria, nikamlipa asubuhi yake, akaja akazunguka mbele yao mpaka vumbi likapanda. Nikawazungusha watoto wiki tatu mfululizo, sikuwahurumia. Mzunguko ukaingia miguuni mwao. Ndipo nikainuka nikacheza yangu, kwa kuacha kwangu, na niliposimama pale niliona mabega yao yakigeuka kidogo yenyewe, wakizunguka kwa niaba yangu bila kuondoka walipokaa.

Juzi nilimchukua mmoja wao, msichana wa miaka 9 asiyekosa hata Jumamosi moja, nikamwomba mama yake ruhusa, tukavuka naye kwenda Lubunga. Mtumbwi ulichelewa kujaa. Alikuwa akigonga ubavu wa mtumbwi kwa vidole mpaka mwenye kasia akamwangalia. Tulimkuta mzee kwenye kiti chake kile kile. Alikuwa amekonda. Yule mama hakuwepo, alikwenda sokoni na makala yake, na pale alipozoea kukaa palikuwa na duara jeusi tu ardhini.

Mzee akazichukua fimbo, akajitaja. Jina la sifa, lote, polepole kuliko nilivyowahi kumsikia. Kisha mkono wa kulia ukapanda ukabaki hewani. Msichana akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. Uani palikuwa kimya, hata kuku. Ncha ya mpira ikatetemeka, mzee ameinamisha kichwa, anangoja.

Nikalitaja jina la baba yake. Sikuwa nimewahi kulitamka kwa sauti, na mpando wa mwisho niliukosa kidogo. Msichana akalirudia nyuma yangu, chini chini, akaurekebisha.

Fimbo ikashuka.